Jiko la plati nne na soketi ya ukutani

Dada, umeuliza kama jiko lako jipya la plati nne na oveni unaweza kulichomeka kwenye soketi ya kawaida hapo Ntinda, Kampala. Hapana, tafadhali sana. Plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, yaani kama wati 3,100 kwa volti 240. Jiko hilo likiwaka lote hufika wati 7,000. Mimi nililichomeka hivyo nilipokuwa napanga nyumba. Jioni ya tatu plagi ilikuwa ya kahawia, imelainika kama nta, na jikoni kunanuka plastiki.

Linataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na swichi kubwa pembeni mwa jiko, isiwe juu yake, usije ukapitisha mkono kwenye mvuke ukiizima.

La muhimu kuliko yote ni ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, aipime ukiwa umesimama hapo. Sufuria ikikutekenya kwa umeme hata kidogo, zima swichi kuu, usipike tena mpaka aje.