Chunusi na nywele kunyonyoka kwa wakati mmoja

Dada yangu, umeuliza kama chunusi zilizokuanza ukiwa na miaka 22 na nywele zinazopungua utosini vina chanzo kimoja. Vinaweza kuwa nacho, kwa sababu homoni za androjeni (homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo kwa kiasi kidogo) huchochea tezi za mafuta usoni na, kwa wenye urithi huo, hudhoofisha vinyweleo vya utosini hadi nywele ziote nyembamba. Ikiwa pia hedhi yako haina mpangilio au nywele nene zinaota kidevuni, tafadhali mwone daktari, akuchunguze ovari, tezi ya thairoidi na kiwango cha madini ya chuma, kabla hujanunua dawa yoyote.

Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Homa kali, kujifungua au kupungua uzito ghafla huweza kuzidisha idadi hiyo miezi miwili au mitatu baadaye, na mara nyingi nywele hurudi zenyewe.

Kwa chunusi za wastani, paka jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, tabaka jembamba kwenye eneo lote badala ya kuipaka kwenye kipele kimojakimoja, nawe uvumilie wiki 8 hadi 12. (Jeli hii hupausha vitambaa, kwa hiyo foronya za rangi zitapauka.) Angalia pia mafuta ya nywele: yakichuruzika hadi kwenye paji la uso huziba vitundu vya ngozi. Isotretinoini, dawa kali ya kumeza ya chunusi, usiiguse bila daktari, kwani humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, na wakati mwingine yenyewe hupunguza nywele.