Dhahabu nyekundu, runinga ya kwanta na losheni isiyoonekana

Swali: Mwalimu, ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria ni damu yangu?

Jibu: Si damu. Katika vipimo vingi vya aina hiyo ni dhahabu, tena dhahabu halisi, iliyo katika chembe za nanomita 20 hadi 40 hivi. Unywele mmoja una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Chembe hizo zimekaushwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kipimo, zikiwa zimebeba kingamwili. Mhudumu akishadondosha damu na yale matone ya dawa, safari inaanza. Chungulia kidirisha dakika ya kwanza utaona wimbi la waridi likipita. Kukiwa na protini za vimelea, chembe hunaswa penye herufi T, mstari wa majibu. Penye C, mstari wa kuhakiki kipimo chenyewe, hunaswa hata kama huna malaria, ndiyo maana mstari huo usipotokea kipimo hakihesabiki.

Mbona nyekundu, si ya njano? Mwanga ukiipiga chembe, elektroni zake huyumba kwa pamoja, na kwa ukubwa huo humeza zaidi mwanga wa kijani, wenye mawimbi ya nanomita 520 hivi. Kijani kikiondoka, jicho hubaki na wekundu. Chembe zikigandamana, rangi huhamia zambarau, hata buluu. Mwanasayansi Michael Faraday aliandika kuhusu jambo hili London mwaka 1857, na baadhi ya vichupa vyake vya maji mekundu ya dhahabu bado vipo Royal Institution, taasisi ya sayansi ya huko. Mimi ningependa kuviona kuliko taji lolote la mfalme.

Swali: Mimi ni sonara. Nikikusanya vipimo vilivyotumika, nitapata cha kuyeyusha?

Jibu: Utapata damu za watu. Dhahabu ya kipimo kimoja haitikisi mzani wako. Ila lipo la kukufurahisha: dhahabu unayoijua huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064, lakini chembe ya nanomita mbili tatu huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo. Atomu zake nyingi ziko ukingoni, hazina majirani wa kuzishika pande zote.

Swali: Muuzaji anasema runinga ya kwanta ni ghali kwa sababu ina sayansi ya Nobel. Ananipiga changa la macho?

Jibu: Kwa Nobel hajadanganya. Mwaka 2023 tuzo ya kemia walipewa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov kwa kazi yao juu ya nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno ambazo rangi yake hutegemea ukubwa wake. Chukua kadimiamu selenidi: chembe ya nanomita mbili hivi hutoa mwanga wa buluu, ya sita hutoa mwekundu. Kemia ni ileile, kilichobadilika ni ukubwa. Elektroni iliyobanwa mahali padogo hupanda nishati, kama uzi wa zeze unavyopanda sauti ukiubana ukawa mfupi. Lakini muulize muuzaji taa ya nyuma ni ya aina gani. Katika runinga nyingi za namna hiyo nukta haziwaki zenyewe. Hupokea mwanga wa buluu na kuugeuza kijani na mwekundu.

Swali: Mwanangu ana ualbino. Losheni moja ya jua humwacha kama aliyepakwa chokaa, nyingine haionekani kabisa. Hiyo ya pili ni feki?

Jibu: Si lazima, mama. Oksidi ya zinki yenye chembe kubwa hutawanya mwanga wote, ndiyo huo weupe. Chembe zikishuka chini ya nanomita 100 hivi, mwanga wa kawaida hupenya, ila miale ya urujuanimno bado inamezwa. Tazama namba ya SPF, yaani kiwango cha kukinga jua, usitazame weupe. Na ya kupuliza iache: ngozi ni kitu kimoja, mapafu ni kingine.

Swali: Vitu visivyoonekana mnavipimaje?

Jibu: Kwa hadubini ya elektroni, au kwa leza inayopita kwenye kimiminika: chembe ndogo hutikisika haraka, kubwa hujikokota, na mwanga unaotawanyika hubeba habari hiyo. Usiku zima taa, weka tone la maziwa kwenye glasi ya maji, umulike kwa tochi ya simu. Ubavuni utaona ubuluu, na ukitazama upande wa pili, tochi yenyewe itaonekana ya manjano.