Wasomaji wako wanachokea wapi?

Dada, unauliza kwa nini wasomaji wanaiacha riwaya yako ya mapenzi na uchawi wakifika sura ya tatu. Mbona wapendanao wako wameshakumbatiana sura ya pili! Sisi wasomaji tunapenda kusubirishwa. Mfano, binti anamfunga adui yake kidonda, kitambaa kimeshakaza, lakini vidole vinakawia kuondoka. Hapo hata usingizi hatuutaki tena. Kinachotukera ni ugomvi ambao ungeisha kwa swali moja tu, na yule mfalme wa majini mwenye miaka 500 anayenuna kama mtoto (wako ananuna mno, samahani). Uchawi nao uwe na gharama. Ukitatua kila kitu, hofu itatoka wapi? Majina ya falme punguza. Busu lisogeze mpaka sura ya kumi, halafu tuletee tena tusome.