Formentor: usikimbilie mnara wa taa

Mara ya kwanza kwenda Rasi ya Formentor, kule kaskazini mwa kisiwa cha Mallorca, Hispania, sikufika. Ilikuwa Julai, mchana, nami niko kwenye gari la kukodi. Kiangazi magari binafsi huzuiwa barabara ile saa za mchana, na kibao nilikisoma nikiwa nimeshakifikia. Shemeji yangu anayeishi Palma, mji mkuu wa kisiwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Ungeniuliza, shemeji! Watu wanapanda basi pale Port de Pollença."

Kwa hiyo la kwanza: kiangazi panda basi. La pili, ambalo nililijua niliporudi Oktoba, ni kwamba mnara wa taa ungoje. Wengi hukimbilia huko mwisho wa rasi, wakapiga picha, wakageuza. Wewe anzia Es Colomer, kwenye kituo cha kutazamia kilicho zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Hapo ndipo umbo la rasi linapojieleza. Huu ni mkia wa milima ya Serra de Tramuntana, mawe ya chokaa yaliyoinuliwa Afrika ilipokuwa ikisukumana na Ulaya. Ni kama ubao ulioinamishwa: upande wa kaskazini magenge yanashuka wima baharini, upande wa kusini ardhi inateremka taratibu hadi kwenye vighuba vyenye misonobari inayokaribia kugusa maji. Ukitaka kuogelea, bila shaka ni huko kusini.

Kisha panda kwa miguu hadi mnara wa ulinzi wa Albercutx. Kijibarabara chake ni chembamba na kimechakaa, gari liache chini. Mimi nilikaa pale karibu saa nzima. Unaona ghuba mbili, ya Pollença na ya Alcúdia, na unaelewa kwa nini walinzi waliwekwa hapo karne ya 16. Mwaka 1550 watu wa Turgut Reis, nahodha wa Kiosmani, walishuka pwani wakaivamia Pollença. Wenyeji walipigana wakiongozwa na Joan Mas, na hadi leo kila tarehe 2 Agosti mji huigiza vita vile mitaani. Angalia pia mji wenyewe ulivyokaa bara, mbali na bandari yake. Hofu ya maharamia hiyo.

Mnara wa taa uliwashwa 1863, miongo mingi kabla ya mhandisi Antonio Parietti kuchonga barabara hii ya kona na handaki. Vifaa vya ujenzi vililetwa kwa bahari, vikapandishwa juu ya majabali. Barabarani jihadhari na mbuzi na waendesha baiskeli. Mbuzi ndio wenye adabu zaidi.

Chukua maji, na koti hata kama jua linawaka. Tramuntana, upepo wa kaskazini, si kaskazi yetu ya kupandishia tanga: kofia yangu iko baharini mpaka leo.

Na usisahau darubini. Kwenye magenge yale hukaa kozi wa Eleonora, ndege mwindaji, ambao hulea makinda mwishoni mwa kiangazi ili wawalishe vijidege wanaohama kwenda kusini. Wakimaliza nao huondoka, wakavuka Afrika hadi Bukini, yaani Madagaska. Oktoba ile niliwahi wachache. Nilimwambia shemeji kwamba yule pale anapita kwetu. Akauliza kama anaweza kubeba mzigo.