Kwa nini sauti nyingine za Kiarabu tulizipokea na nyingine tukaziacha?

SWALI: Nafundisha Kiswahili. Mwanafunzi wangu kaniuliza: ikiwa tumekopa maneno mengi ya Kiarabu, mbona sauti zake nyingine tumezichukua na nyingine tumeziacha? Nimjibuje?

JIBU: Mwalimu, hilo ni swali zito. Anza kumweleza kwamba sauti haisafiri peke yake. Hubebwa na neno, na neno hubebwa na mtu mwenye lugha mbili. Watu hao wakiwa wachache, wengine hulisikia neno kwa sikio la lugha yao. Litazame neno "subira". Kwa Kiarabu ni "sabr", yenye s nzito, na b na r zimegandana mwishoni. Kiswahili kiliifanya s kuwa nyepesi, kikapachika irabu kati ya b na r, kikafunga neno kwa irabu nyingine. Hakuna sauti ngeni iliyobaki.

Wenye lugha mbili wakiwa wengi na wakiheshimiwa, sikio la wengine huzoea. Ndivyo tulivyopata gh ya "lugha" na "ghali", ingawa wapo wasemao "luga" na "gali". Hao si wavivu. Ni lugha yao ya kwanza inayosema. Kh haikubahatika hivyo. Kwa wengi iligeuka h: kheri ikawa heri, khabari ikawa habari.

Ukaribu wa sauti ngeni na sauti zilizopo tayari nao husaidia. Kiingereza cha kale kilikuwa na v, ila ilikuwa ni f iliyolainika katikati ya neno. Maneno ya Kifaransa yenye v mwanzoni yalipomiminika baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, midomo ilikuwa tayari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, vya Kizulu na Kixhosa, lugha za Kibantu za Afrika Kusini, vilivyotoka kwa majirani zao Wakhoi na Wasan. Watu walioana, na kulikuwa na desturi ya hlonipha: mke hatamki silabi zilizo katika jina la baba mkwe wake. Huibadilisha konsonanti, na kidoko kilifaa mno kwa kuwa hakifanani na sauti nyingine yoyote. Ndipo hata maneno ya Kibantu yakapata vidoko.

Hicho ndicho kipimo changu: sauti ngeni imekuwa mwenyeji pale inapoingia katika maneno ya asili. Mpe mwanafunzi kamusi, afungue kurasa za gh, ahesabu ni maneno mangapi hapo si ya Kiarabu.