Basi-nyumba limeinama asubuhi: maswali yenu ya upepo

Inbox yangu wiki hii imejaa upepo tu. Wengi mmenunua mabasi yaliyochoka ruti mkang'oa viti mkaweka vitanda na jiko, safi kabisa, ila mkasahau kwamba chini kule kuna baluni (wengine mnaita belo), ile mifuko ya raba yenye upepo inayobeba basi badala ya springi, zilizokaa juani na vumbini miaka kibao. Twende moja moja.

*Fundi, basi langu jioni nalipaki liko sawa, asubuhi nakuta kona ya nyuma kushoto imekaa chini. Fundi wa hapa kasema baluni imekufa, ninunue. Ninunue? (Arusha)*

Usitoe hela bado. Jaza upepo mpaka kompresa ikate, kwenye mabasi mengi geji itakuwa kama 120 psi au bar 8 hivi, halafu zima injini. Chukua ndoo, sabuni ya unga, na brashi ya kupakia rangi. Paka povu zito pale juu baluni inapobanwa na bamba, paka kwenye mikunjo, paka pale paipu inapoingia, halafu ndio uende kwenye valvu ya leveli, ile yenye kifimbo kinachoshikana na ekseli, inayoongeza au kupunguza upepo ili basi likae kimo chake, na usisahau tundu lake la kutemea upepo. Hapo kwenye tundu ndio watu wengi hawapaki wakati ndipo mwizi alipo. Subiri, povu la uvujaji mdogo linakua polepole kama uji unaoanza kuchemka, ukiwa na haraka utasema hakuna kitu.

Na kwa nini kona moja? Karibu kila basi la upepo lina valvu tatu za leveli, mbili kwenye ncha moja ya basi (mara nyingi nyuma, kushoto na kulia) na moja kwenye ncha nyingine, linakaa kama kigoda cha miguu mitatu. Kwa hiyo kona moja ya nyuma ikishuka tafuta kwenye valvu ya kona hiyo, paipu zake na baluni zake. Mbele yote ikishuka pamoja, valvu ni moja tu, anzia hapo. Basi zima likilala, angalia matangi na valvu za kuzuia upepo usirudi.

Sasa sikiliza hili kabla hujaingia chini. Kuna gereji niliwahi kufanya kazi, kijana mmoja alilegeza nati ya paipu ya baluni, basi limeshikiliwa na upepo peke yake, hamna gogo hamna stendi. Lilishuka mara moja, hata kelele ya kusema jamani hukuipata. Ndoo yetu ya sabuni iliyokuwa chini ya bodi ilitoka bapa kama chapati na mimi dakika hiyo nilikuwa nimeinuka kwenda kutafuta spana ya 17. Tangu siku hiyo siingizi hata kichwa chini ya basi linaloshikiliwa na upepo tu. Weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu chini ya bodi, pale kampuni ilipoonyesha pa kuwekea jeki, shusha basi likalie, ndio ulale. Jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kushikilia.

*Baluni yangu ina katundu kadogo, fundi pancha anaweza kuziba na kiraka cha tyubu? (Singida)*

Hapana. Ile raba inajikunja na kujikunjua kila jiwe unalopita, kiraka kitabanduka, na ndani kuna nyuzi ndizo zinabeba mzigo. Ukiona nyuzi kwa macho hiyo baluni imeshaaga. Na tafadhali acheni kupaka dizeli au oili chafu eti raba ing'ae, oili inavimbisha raba inakuwa laini kama andazi la jana. Maji na sabuni vinatosha.

*Niko Columbus, Ohio, nimenunua basi aina ya MCI la miaka ya 80 lililogeuzwa nyumba kitambo. Baluni zina nyufa ndogo ndogo ila hazivuji. Nibadilishe moja moja au zote? (Marekani)*

Karibu ndugu yangu, huko ndiko mambo haya yalikoanzia, kampuni ya GM walikuwa wanaweka upepo kwenye basi lao la PD-4104 tangu 1953, na hadi leo kuna wazee wanaishi ndani ya mabasi hayo. Nyufa nyembamba za juu juu peke yake sio mwisho wa dunia. Ila angalia pale kwenye mkunjo inapojibana, fungua kwa kidole gari likiwa kwenye stendi, ukiona ufa unaingia kucha ujue umri umefika. Mimi kwa gari la umri huo ningebadilisha zote, au angalau ekseli nzima kwa mara moja, sababu zimezeeka zote sawa sawa, ukibadili moja leo utakuwa unalala chini ya gari kila baada ya mwezi, tena kwenye baridi hiyo.

Shida yako kubwa lakini itakuwa chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Ukitoa baluni angalia kile kikombe cha chini inapojikunjia, kama kina kutu na magamba kisugue mpaka kiwe laini upake rangi, la sivyo kitatafuna baluni mpya kama msasa. Boliti zitakatika, jiandae kisaikolojia, mwagia dawa ya kutu siku mbili tatu kabla. Kwenye meno ya kuskrubia ya viungo vya paipu usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba, kipande kikikatika kinasafiri mpaka kwenye valvu ya leveli na utarudi kunitafuta mimi. Na usijaribu baluni kwa kuijaza upepo ikiwa imelala sakafuni nje ya gari, haina cha kuizuia, inaweza kupasuka ikakuumiza vibaya. Ujaze ikiwa imefungwa na imebebeshwa.

Kabla hujaagiza chochote soma namba iliyochapwa kwenye raba. Na kama kuna jirani yako ana basi la zamani la Eagle mwambie asihangaike kutafuta baluni, yale yanabebwa na raba inayosokotwa, upepo hamna.

*Nimebadili baluni zote nne za nyuma bado basi linanesa kama mtumbwi wa Kilifi. (Nairobi)*

Pole kwa hela. Baluni kazi yake ni kubeba, kuzuia kunesa ni kazi ya shokapu. Shika shokapu ukitoka safari, iliyo hai inakuwa na joto, iliyokufa ni ya baridi. Ukishika na ukakuta mafuta yamelowanisha kimo chote, ndio hiyo. Angalia na bushi.

*Fundi anataka kutoa upepo wote aweke springi za majani kama za lori, anasema barabara zetu haziwezi upepo. (Morogoro)*

Huyo fundi namwelewa, springi za majani anazijua na upepo haujui. Lakini muulize atazifunga wapi. Basi lililoundwa na upepo, hasa lile lisilokuwa na chasisi ya lori, lina sehemu za kupokelea mzigo pale baluni zilipo na mikono inayoshika ekseli, ukileta mkungu wa springi unabeba bodi mahali ambapo hapakuumbwa kubeba, na siku moja utaona nyufa juu ya madirisha. Kuna watu wamefanya na gari linatembea, sikatai. Ila unapoteza ule ulaini ambao ndio ulikufanya ununue basi badala ya lori, na vyombo vya jikoni vitakuimbia njia nzima. Barabara mbovu haiui upepo kama maji yanavyoua. Mwaga maji kwenye matangi kila siku ya safari, badili kichujio cha draya (kile kikausha upepo), kwani maji yakiingia kwenye valvu yanaleta kutu na uchafu, halafu unalaumu matuta ya Kibaha.

*Tukipiga kambi kompresa ndogo ya umeme inaunguruma usiku kucha ili basi likae sawa, betri zinaisha. (Diani)*

Zima. Ukishafika kambini weka mbao chini ya matairi upande ulio chini mpaka ndani pawe sawa, halafu toa upepo wote basi likalie raba zake za kugotea, litatulia hata mtoto akicheza. Asubuhi jaza, na USITEMBEE mpaka limenyanyuka kimo chake. Ukiendesha likiwa limelala propela shafti inakaa pembe mbaya, krosi (viungo vya shafti) zinakufa na matairi yanaweza kusugua bodi. Kimo chenyewe kipime kwa rula pale kitabu cha gari kinaposema, usikadirie kwa jicho. Kama kompresa inaita kila nusu saa huna shida ya kompresa, una uvujaji, rudi kwa mwenzako wa Arusha hapo juu.

*Nitajuaje nimepakia kupita kiasi? Basi halijainama hata kidogo. (Dodoma)*

Na halitainama, hapo ndipo upepo unawadanganya watu. Springi za majani ukizidisha gari linalala unaliona, lakini valvu ya leveli ikiona kona imeshuka inaongeza upepo tu mpaka iwe sawa. Wewe umeweka tangi la maji la lita 500 kulia, hiyo ni nusu tani, na betri zote upande huohuo, na gari limesimama wima kama mwanajeshi, huku baluni za kulia zina presha kubwa kuliko za kushoto na matairi ya kulia yanaungua. Pita mizani ukiwa umejaza maji na mafuta na familia imo ndani, ekseli ya nyuma yenye matairi manne kwetu Afrika Mashariki mwisho tani 10. Kama una geji ndogo, unganisha kwenye paipu ya baluni za kulia usome, halafu za kushoto. Namba zikipishana sana hamisha tangi, tena ulihamishe kabla hujapiga mbao za kabati juu yake, maana najua bado hujamaliza kabati.