Siko seli, au selimundu?

SWALI: Mwalimu, mwanangu alipatikana na ugonjwa wa damu. Daktari alisema chembechembe zake zinajipinda, nesi akasema "siko seli", na redioni nasikia "selimundu". Fomu ya shule inataka jina la ugonjwa. Niandike lipi? Na kaka yake, ambaye daktari anasema "anayo lakini si mgonjwa", naye nimwandikeje? (Mama wa Gredi ya Tatu, Kayole)

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Nianze na la nesi kwa sababu lilinichekesha. Hapa Nairobi seli ni chumba cha kituo cha polisi. Mtu akikupigia simu usiku akwambie "siko seli", utamshukuru Mungu kwamba ameachiliwa kwa dhamana! Neno hilo lilichukuliwa kwa sikio tu kutoka Kiingereza, "sickle cell", ukilipasua hukuti ugonjwa ndani. Linatumika, hasa Tanzania, na ukilisema utaeleweka. Mimi silichagui.

Selimundu limefinyangwa nyumbani. Mundu ni kile kisu kilichopinda cha kukatia mpunga au nyasi. Watoto wengi wa jijini hawajauona, wanajua slesha ya kufyekea uwanja wa shule, lakini mvunaji wa Mwea huhitaji kumweleza. Daktari James Herrick wa Chicago, alipoandika kuhusu ugonjwa huu mwaka 1910, alikuwa ameona kwenye hadubini seli nyekundu zilizopinda hivyo hivyo badala ya kuwa mviringo.

Liandike neno moja, kama batamzinga. Mundu peke yake ni U-I: mundu umevunjika, miundu imevunjika. Lakini kama vile husemi "batamzinga umekufa", selimundu nayo hufuata kichwa chake, seli, ngeli ya I-ZI.

Sasa chembechembe, na hapo nina ugomvi kidogo na daktari wako. Chembe ni ya mchanga, ya mchele. Waandishi wa sayansi wakaibebesha seli, wakaibebesha jeni ("chembe za urithi"), wengine hata molekuli. Katika ugonjwa huu vitu hivyo vitatu vinafuatana, na ukiviita vyote chembe huwezi kujua kipi kimefanya nini. Jeni ndiyo yenye maagizo ya kuunda hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Hitilafu yenyewe ni ndogo ajabu: katika mnyororo wa beta, sehemu moja ya hemoglobini, wenye asidi amino 146 (vipande vinavyounda protini), ni ya sita tu iliyobadilika, valini imekaa mahali pa asidi glutamiki. Basi hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo ndizo zinazoisukuma seli ikapinda. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, mwili hauwahi kuzifidia, mtoto akapungukiwa damu. Nyingine hukwama kwenye mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu unayokesha nayo. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake, mwaka 1949, waliuita ugonjwa wa molekuli. Jina letu limetazama umbo la seli, na silaumu, maana umbo ndilo linaloonekana.

Kuhusu kaka yake, kosa limejificha katika "anayo". Hiyo -yo- inarejelea nini? Selimundu ni I-ZI, jeni nayo ni I-ZI, kwa hiyo sarufi haikusaidii. Daktari alimaanisha jeni, moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja. Mdogo wake alirithi mbili. Mwenye moja ni mbebaji, na kwa kawaida haugui. Mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni hiyo imeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani kuliko nyanda za juu. Usimwambie mtu kijana huyo "ana selimundu", atapelekwa kupumzishwa kwenye michezo bila sababu.

Fomu ya mdogo: "Anaugua selimundu." Ya kaka yake, wakiuliza: "Ni mbebaji wa jeni ya selimundu, haugui."